Ubeti Nilioukata

Wenzangu mnaobaki kwenye chumba cha mitambo, mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijasahau. Sisahau haraka kiasi hicho, lakini nimestaafu, na mstaafu hana kisingizio cha kukosa muda. Vyeo sitavieleza, maana nilikuwa na kimoja tu, fundi mitambo, na mshahara wake mnaujua wenyewe. Nitaeleza kazi, kisha nitaeleza wimbo mmoja, kwa sababu kila mara anakuja mtu redioni kuniuliza habari zake, na kila mara nimempa jibu fupi ambalo halikuwa la kweli.

Wimbo wenyewe ni "Mwenye Moto Hayupo". Mnaupiga kwenye salamu za wapendanao.

Nilianzia Maswa, mtaa wa Binza, kwenye kibanda cha Mzee Shija, fundi wa redio. Nilikuwa msichana. Nilipeleka redio ya baba ikatengenezwe, nikakaa kumwangalia. Redio ikapona, mimi sikuondoka. Kesho yake nilirudi, na siku ya tatu akanipa bisibisi. Wateja walidhani nimewekwa pale kuwachemshia chai, wakawa wananiagiza. Niliwachemshia. Ilikuwa chai mbaya, wakaacha wenyewe.

Kazi yake ya pili Mzee Shija ilikuwa kurekodi kwaya na vikundi vya ngoma kwenye kaseti. Siku ya kwanza alinipeleka kanisani na hedifoni moja ambayo sikio la kushoto lilikuwa limekufa.

"Hili bovu, babu," nilimwambia.

"Najua. Litakuzoesha kusikiliza kwa bidii. Na usiguse kitu chochote mpaka umeshasikia kinacholia ni nini."

Ndiyo mafunzo yote niliyopewa kwa maneno. Mengine niliyapata kwa macho. Alikata utepe kwa wembe wa kunyolea, akaunganisha kwa gundi, na kipande alichokitoa hakukitupa. Alikiandika jina, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilipomuuliza vya nini, alisema mwenye sauti anaweza kuja kuidai. Katika miaka yote ile sikumwona aliyekuja kudai, lakini yale makopo yalijaa rafu mbili. Alifariki kabla redio yetu ya Bariadi haijafunguliwa. Mjane wake alinipa ile hedifoni ya sikio moja. Ile nyingine nzuri ilikwenda kwa mpwa wake, ambaye aliiuza.

Bariadi nilikuta chumba chenye mlango wa mbao na bati juu. Kuta tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na kwa mwezi mzima chumba kilinuka banda la kuku. Mvua ikinyesha tuliacha kurekodi, kwa sababu bati lilipiga kelele kuliko mwimbaji. Msimu wa pamba vumbi liliingia kwenye mikisa, na vile vitufe vya kupandisha na kushusha sauti vikawa vinakwaruza. Nilivisafisha kwa mswaki. Nyie sasa mna kompyuta kila meza na kiyoyozi, na bado nasikia mnalalamika.

Asubuhi moja mwezi wa pili, mkoa ukiwa bado mpya, alikuja dada mmoja, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu. Ndivyo tunavyoamkiana asubuhi kwetu, na mayu ni mama.

"Mwangaluka. Unamtafuta nani?"

"Mtu wa kurekodi. Nina wimbo mmoja tu."

"Wote huja na mmoja," nilimwambia. "Wakishaingia wanakuwa nao kumi."

Hakucheka. Aliitwa Minza. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mshonaji cherehani pale sokoni Bariadi, mzaliwa wa kijiji cha upande wa Lalago. Alikuja na mpiga gitaa wa kanisa lake, mtu mpole aliyekaa pembeni akikaza na kulegeza nyuzi. Nikamweka Minza mbele ya maikrofoni, nikarudi upande wangu wa kioo, nikavaa hedifoni.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita jirani na hana hakika kama yupo. Aliimba hivi:

Nimetoka mbali na maji kichwani,
kwa mbali niliona moshi wako juu,
nimefika uani, naita, huitiki,
nimekuta moto unawaka, mwenye moto hayupo.

Ulisema nisichelewe, sikuchelewa,
chungu kinatokota, mwiko uko chini,
mlango wazi, nyumba ina giza,
nimekuta moto unawaka, mwenye moto hayupo.

Hapo nilikuwa nimeshajiambia kwamba huu utapendwa. Nilikuwa nawaza sauti ya gitaa, kwamba iko juu kidogo. Kisha akaingia ubeti wa tatu:

Walisema macho mekundu ni ya mchawi,
macho yako, mama, ni moshi wa vijiti vya pamba.
Aliyewaonyesha njia jana alikula kwetu,
baba mdogo, mikono umenawia wapi?

Nikavua hedifoni. Mpiga gitaa alikuwa anaangalia sakafu. Nikaingia ndani.

"Ng'wanone," nilimwambia, yaani mwanangu, "hii habari umeitunga?"

"Sijaitunga."

Akanieleza akiwa amesimama vilevile mbele ya maikrofoni. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Mama yake alibaki kwenye mji wa mumewe, jirani na shemeji yake, Mzee Ndaki, ambaye kwa Minza ni baba mdogo. Mtoto wa Mzee Ndaki aliugua homa akafa. Mzee akaenda kwa mganga, na mganga akamwambia atazame nyumbani mwake mwanamke mwenye macho mekundu. Kijijini kwao kuni zilikwisha siku nyingi. Wanawake wanapikia vijiti vya pamba na samadi kavu, na mwanamke aliyepika hivyo miaka thelathini macho yake huwa mekundu. Mzee Ndaki alitazama karibu.

"Alikuja kwetu na wageni wawili," Minza alisema. "Alisema ni wanunuzi wa ng'ombe. Mama akawapikia, wakala, wakashukuru. Kesho yake jioni nimetoka kisimani, nikakuta moto unawaka."

Mama yake alikuwa nyuma ya jiko. Walitumia panga.

Polisi walikuja, wakachukua maelezo. Minza aliwatajia wageni wale na aliyewaleta. Mzee Ndaki alikana kuwajua. Kijiji kizima kiliona migongo tu, nyuso hakuna aliyeziona. Kesi ilikufa kabla haijafika mahakamani.

"Sasa unataka nini na wimbo huu?" nilimuuliza.

"Asikie," alisema. "Ana redio. Kila jioni anaiweka kwenye kiti uani. Nataka asikie akiwa na watu."

Niliupeleka kwa meneja wetu. Alikuwa mtu mwoga, lakini si mbaya, na alichosema hakikuwa kijinga. "Fundi, huyu baba mdogo hajahukumiwa popote. Tukimtangaza, tutakaofungwa ni sisi. Na huyo binti watamfanyaje?" Akaongeza kwamba wimbo ni mrefu mno. Akasema beti mbili za kwanza ni nzuri sana, watu watalia.

Nilikubaliana naye. Nilimwogopea Minza, hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba niliutaka wimbo ule hewani. Nilijua nimerekodi kitu ambacho sitakirekodi tena maishani. Nikakata. Baada ya ubeti wa pili niliweka gitaa peke yake, likashuka taratibu hadi likaisha. Nilikata vizuri mno, hakuna sikio ambalo lingejua. Ubeti niliutunza kwenye kompyuta, kwenye faili lenye jina lake, kama Mzee Shija alivyonizoesha.

Kosa langu si kukata. Minza alipokuja kuuliza, aliniuliza swali moja: "Mayu, wote upo?"

Nikamwambia, "Upo."

Sijui kwa nini. Nadhani niliona ni rahisi zaidi kumweleza baadaye.

Ulipigwa mara ya kwanza siku ya Ijumaa saa kumi. Minza alikuwa sokoni kwenye cherehani yake, na mafundi wenzake wote walikuwa wameacha kushona ili wasikilize. Walinieleza wao. Walisema ubeti wa pili ulipokwisha alisimama, akaweka mkono kwenye redio kama mtu anayepima homa. Gitaa likaisha, mtangazaji akasema, "Wapenzi wasikilizaji, mapenzi yanauma." Mafundi wakapiga makofi.

Alikuja redioni jioni ileile. Hakupiga kelele.

"Ulisema upo."

"Nilitaka kukueleza."

"Umenifanya nimlilie mwanaume," alisema. "Mama yangu umemfanya mwanaume aliyenikimbia."

Akaondoka. Hatukuzungumza kwa muda mrefu sana baada ya hapo.

Wimbo ukaenda zake. Sikuwahi kuona kitu kinakwenda namna ile. Ulianzia kwenye bajaji na vibanda vya kunyolea, ukafika Lamadi kwa wauza samaki, ukaenda Mwanza. Vijana fulani wa Dar waliuchukua, wakauwekea ngoma, kijana mmoja akaingiza maneno yake ya kubembeleza. Mabibi harusi waliingilia ukumbini na wimbo huo. Kwenye salamu, mtu wa Bariadi alimtumia mpenzi wake wa Maswa: nimekuta moto unawaka. Waliutumia kuachana na waliutumia kurudiana. Waandishi walipokuja nikawaambia mwimbaji alitendwa na mchumba. Walifurahi, wakaandika hivyo.

Minza aliendelea kushona. Mtu akimwomba aimbe, alimwambia ana mafua.

Sasa nifike kwenye harusi. Mnajua kwamba fundi wa redio siku za mapumziko hubeba spika zake akapige muziki kwenye sherehe. Niliitwa Lalago, harusi kubwa ya mchana, turubai tatu na ng'ombe wawili wamechinjwa. Sikuuliza ya nani. Mshereheshaji akasema sasa wazazi wa bwana harusi wafungue ngoma, naomba ule wimbo wetu wa polepole, na tumpokee baba mzazi, Mzee Ndaki.

Alisimama mzee mrefu, shati jeupe, fimbo mkononi. Fimbo akampa mtu, akamshika mkewe.

Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na mafaili mawili, moja chini ya jingine, fupi na zima. Kidole changu kilikuwa juu ya lile zima. Niliwatazama wale watu, mia kadhaa, watoto wamekaa mbele kwenye mkeka. Nikabonyeza fupi.

Alicheza vizuri. Alicheza akiwa amefumba macho, na wimbo ulipofika kwenye chungu kinachotokota nikaona anajifuta machozi kwa leso. Watu wakashangilia, wakaona mzee ana moyo laini. Ulipokwisha alikuja hadi kwenye meza yangu.

"Asante, fundi. Wimbo huu ni wa mwanangu Minza, unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ukimwona, mwambie baba yake mdogo anamsalimu. Mwambie arudi nyumbani. Mji wa mama yake umeota majani, haipendezi."

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto. Mpaka leo sijui kama mtu yule alikuwa anatishia, au anajuta, au alikuwa tayari ameshajisamehe, akawa analia kama jirani yeyote anavyolia.

Jumatatu nilikwenda sokoni kwa Minza, nikamweleza yote. Mguu wake ulikuwa kwenye cherehani, ukaacha kukanyaga.

"Ulimpigia upi?"

"Uliokatwa."

Akafikiri. "Basi bado hajausikia," alisema. "Spika zako zinaweza kufika mnadani?"

Nilimwambia nitaupiga ule mzima. Akakataa. "Sitaki kupigiwa. Nitaimba mwenyewe."

Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Nilimdai nini, au yeye alinidai nini, sikutaka kupima. Nilipakia spika mbili, amplifaya na jenereta ndogo kwenye gari la kukodi, tukaenda Lalago siku ya mnada wa ng'ombe, saa tano asubuhi. Mpiga gitaa hakuja. Alisema mkewe ni mjamzito, na sikumlaumu.

Watu walipomtambua walimkimbilia. Vijana wakatoa simu. Ubeti wa kwanza waliimba naye, wakiyumba, wasichana wameshikana viuno. Wa pili vilevile. Wengine wakaanza kupiga makofi wakijua umekwisha. Minza hakuondoka kwenye maikrofoni. Akaimba wa tatu, bila gitaa, kwa sauti ileile ya kuita.

Kijana mmoja alicheka, kisha akaacha. Nikawa nasikia jenereta na ng'ombe tu. Mzee Ndaki alikuwepo, karibu na boma la kuuzia, amesimama na wenzake. Kila mtu akageuka kumtazama, kisha kila mtu akatazama pengine.

Mzee akasema kwa sauti ya kawaida, ya kusikika, "Mwanangu amechanganywa na msiba. Mpeni maji anywe."

Na kweli mtu alileta maji. Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini akatoka bibi mmoja kwenye upande wa wauza viazi, mtandio kichwani, macho mekundu kama kidonda. Akaja kusimama ubavuni kwa Minza. Akaja wa pili. Akaja na wa tatu, anatembelea fimbo. Wakasimama wanne mstari mmoja, wanatazama watu. Ndivyo walivyosimama mpaka mzee akachukua ng'ombe wake akaondoka.

Ningependa kuwaambia kwamba tulishinda. Polisi walimwita Mzee Ndaki mara mbili, wakamwachia mara mbili. Meneja alinipa barua ya onyo, na alikuwa na haki, kwa sababu watu walidhani redio ndiyo iliyonituma. Wiki mbili baada ya mnada, yule bibi wa kwanza nyumba yake ilichomwa moto. Alikuwa shambani, akapona. Kuku na chakula chote viliungua. Binti yake alikuja kumchukua, akampeleka Maswa, na bibi akafia huko mwaka uliofuata, kwenye chumba cha kupanga, mbali na kaburi la mumewe. Nilikwenda kwenye mazishi. Binti yake aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu, nikamwambia tulikutana mnadani. Nimejiuliza mara nyingi kama angetoka kwenye viazi vyake siku ile endapo nisingebeba zile spika.

Minza alihamia Lamadi. Mzee Ndaki alikufa kitandani kwake, na mazishi yake yalijaa.

Wimbo ulioimbwa mnadani haukupigwa redioni, ila watu waliurekodi kwenye simu zao, vibaya, upepo mtupu. Miaka michache baadaye nilikuwa napita na pikipiki mashambani upande huo wakati wa kuvuna pamba. Wanawake walikuwa wanachuma wamejipanga, na wanaimba. Nilisimamisha pikipiki. Walikuwa wanaimba ubeti wa tatu peke yake, wanaurudia. Hapo penye baba mdogo hawakutaja mtu, waliguna tu, wote pamoja, kisha wakaendelea. Waliponiona wakanyamaza.

Bado wapo mabibi wanaouawa. Wamepungua, wanasema. Mimi si mtu wa kuhesabu, na sitaki kuwadanganya kwamba wimbo umeokoa mtu.

Siku mliyoniaga mliniandalia keki, mkanipigia "Mwenye Moto Hayupo" kwa heshima yangu, ule mfupi, na mkacheza. Sikuwasimamisha. Mlikuwa mmevaa vizuri, na nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayesimamisha mambo. Lakini nilipofika nyumbani nilimpigia Minza simu. Anauza vitambaa Lamadi, ana watoto wawili, kanisani anakaa viti vya nyuma, haimbi. Nilimwambia mmeniomba niandike, nikamuuliza kama ananiruhusu kusimulia.

Nikasikia anafunga mlango.

"Ubeti wa tatu uko wapi?" aliuliza.

"Kwenye kompyuta ya studio. Faili lina jina lako."

"Waachie wausikie. Wapige, wasipige, ni wao." Kisha akasema, "Mayu, kuna kitu sikukiweka kwenye wimbo. Niliogopa nikikisema sitamaliza kuimba. Jina la mama. Watu wanaimba habari zake nchi nzima na hakuna anayejua aliitwa nani. Andika wewe."

Aliitwa Kabula. Alilima pamba na viazi. Siku ile alikuwa anapika uji wa mtama, na vijiti vilikuwa bado havijakauka vizuri, kwa hiyo moshi ulikuwa mwingi.